Metali nzito zinavyojilimbikiza kwenye barabara za mijini

Chota vumbi kidogo ukingoni mwa barabara ya mjini yenye magari mengi, pale lami inapokutana na ukingo wa zege, ulipeleke maabara. Majibu mara nyingi yataonyesha zinki, shaba na risasi kwa kiwango kinachozidi mara kadhaa kile cha udongo wa kawaida wa eneo hilo hilo. Huo ndio mlimbikizo wa metali nzito barabarani: metali hutua kidogo kidogo, kwa kasi inayozidi ile ya kuondoka, mpaka vumbi linakuwa na kiasi ambacho ardhi yenyewe isingekuwa nacho.

Metali nzito ni jina la jumla. Kwa kawaida huhesabiwa humo metali ambazo sentimita moja ya ujazo ina zaidi ya gramu 5: risasi ina gramu 11.3, shaba karibu 9, zinki 7.1, ilhali alumini ina 2.7 tu. Wanakemia hawajakubaliana juu ya mpaka huo, na ripoti iliyotolewa mwaka 2002 na IUPAC, chombo cha kimataifa cha kemia, ilisema wazi kwamba jina hilo halina maana moja ya kisayansi. Kwa mambo ya barabara linatosha, kwa sababu zinazozungumzwa ni chache na zinajulikana: zinki, shaba, risasi, kadimi, kromi, nikeli, na siku hizi antimoni na platini.

Sifa inayozifanya zitishe ni kwamba haziozi. Mafuta yakimwagika barabarani, vijidudu na jua huyavunjavunja taratibu hadi yakawa kitu kingine. Risasi haivunjwi na jua, wala na vijidudu, wala na moto. Inaweza kuungana na klorini leo, kesho ikaungana na kaboni na oksijeni, lakini risasi yenyewe ni ile ile. Kwa hiyo kila gramu iliyowahi kudondoka barabarani bado ipo mahali fulani. Swali la maana ni moja tu: iko wapi sasa?

Zinatoka wapi

Watu wengi wakisikia uchafuzi wa magari hufikiria moshi. Kwa metali, siku hizi sehemu kubwa haitoki kwenye bomba la moshi kabisa, bali kwenye vitu vinavyosuguana.

Anza na tairi. Mpira wa tairi huchanganywa na oksidi ya zinki ili uive vizuri kiwandani na kuwa mgumu, na zinki huwa karibu asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa ule mpira unaogusa barabara. Tairi la gari dogo hupoteza takriban kilo moja au zaidi kabla ya kufika kipara na kutupwa. Matairi manne, basi, huacha njiani kilo 4 au zaidi za mpira, na ndani yake gramu 40 au zaidi za zinki, kwa seti moja ya gari moja. Zidisha kwa magari yote yanayopita kwenye barabara kuu ya jiji kwa miaka ishirini, na hutashangaa tena kwa nini zinki ndiyo huongoza kwenye vipimo vingi vya vumbi la barabarani.

Kisha breki. Dereva akikanyaga, pedi hubana diski ya chuma, na msuguano hula pande zote mbili. Kinachotoka ni unga mweusi ule unaoonekana kwenye rimu, wenye chuma kwa wingi pamoja na vile vilivyotiwa kwenye pedi. Shaba iliwekwa kwa sababu inasambaza joto vizuri na kuufanya ubanaji uwe wa kutegemewa. Antimoni huwekwa ili msuguano utulie. Hii ya mwisho ni adimu mno kwenye udongo wa kawaida, hivyo mtafiti akiikuta imepanda sambamba na shaba, anakuwa na sababu nzuri ya kuinyooshea kidole breki.

Ukitaka kuliona hili kwa macho, chukua sumaku, ifunge kwenye karatasi, kisha ipitishe juu ya vumbi kavu la ukingoni karibu na mataa. Itatoka na ndevu za chembe nyeusi. Nyingi ni chuma na oksidi zake, kutoka kwenye breki, injini na mabodi yenye kutu. Watafiti hutumia kanuni hiyo hiyo kwa vyombo vya kisasa: hupima usumaku wa vumbi ili wapate picha ya haraka ya wapi uchafuzi umekolea, kabla ya kuingia gharama ya vipimo vya kemia.

Vyanzo vingine nitavipita upesi. Vyuma vya kuzuia magari kando ya barabara, nguzo za taa na mabati hupakwa zinki, na mvua huila taratibu. Kadimi hufuatana nayo kwa kuwa zinki ya viwandani haikosi mabaki yake. Rangi za njano za zamani za kuchora barabara zilitengenezwa kwa kromati ya risasi. Vipande vya risasi vinavyobandikwa kwenye rimu kubalansi gurudumu huchomoka, vikapondwapondwa na magari yanayofuata hadi vikawa unga. Kile kifaa cha kusafisha moshi, ambacho magari mapya ya Marekani yalianza kufungwa mwaka 1975, kina platini, paladi na rodi, nazo hutoka kwa viwango vidogo sana lakini vinavyopimika.

Risasi ya petroli inahitaji kuelezwa zaidi. Mwaka 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors, aligundua kwamba tetraethili ya risasi ikichanganywa na petroli huzuia injini kugonga, yaani mafuta kulipuka kabla ya wakati wake ndani ya injini. Kuanzia 1923 petroli hiyo ikawa inauzwa Marekani, na baadaye dunia nzima. Sehemu kubwa ya risasi iliyotiwa kwenye tangi ilitoka nje kupitia bomba la moshi, nyingi ikiwa chembe ndogo mno, ikatua barabarani, kwenye udongo wa kando, kwenye mapaa na ndani ya nyumba. Nchi moja moja zilianza kuiondoa, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zikaiacha kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari, Julai 2021.

Ungedhani hadithi iliishia hapo. Haikuishia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu hewa ya London ulionyesha kwamba hadi asilimia 40 ya risasi iliyokuwa kwenye chembe za hewani inatokana na petroli ya zamani, ingawa Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku tangu 1999. Watafiti waliitambua kwa isotopu zake, yaani aina za atomi zake zinazotofautiana kwa uzito, kwani risasi ya kila mgodi ina uwiano wake. Ilikuwa imelala kwenye udongo na vumbi la jiji, upepo na magurudumu yakawa yanaiinua, inatua, inainuliwa tena. Kwangu mimi, huu ndio ushahidi ulio wazi kuliko wote wa maana ya kujilimbikiza: deni la vizazi viwili vilivyopita bado linalipwa na mapafu ya leo.

Mlimbikizo unavyojijenga

Tuseme mvua kubwa imenyesha na kuosha barabara. Jua linatoka, magari yanarudi, vumbi linaanza upya. Siku za kwanza linaongezeka kwa kasi. Siku zinavyosonga, ongezeko hupungua, na kama ukame utaendelea, baada ya muda mstari wa grafu hulala: kiasi cha vumbi kwa kila mita ya barabara hubaki karibu pale pale.

Hapa ndipo wengi huelewa vibaya. Mstari ukilala haimaanishi magari yameacha kuchafua. Tairi na breki zinasagika vile vile. Kilichobadilika ni kwamba sasa upepo, pamoja na ule mvumo wa magari yanayopita kwa kasi, unapeperusha vumbi kwa kiasi kile kile kinachotua. Barabara imejaa, na metali mpya zinasukumwa nje: kwenye udongo wa kando, kwenye madirisha ya nyumba za jirani, kwenye majani, kwenye pua za wapita njia. Mtu anayepima barabara peke yake anaweza kuona hali imetulia, kumbe mita chache pembeni udongo unazidi kupokea mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana kwenye udongo wa kando ya barabara kuu viwango huwa juu kabisa katika mita chache za kwanza, kisha hushuka upesi kadiri unavyojitenga na lami.

Juu ya barabara yenyewe, vumbi halikai sawasawa. Katikati ya njia magurudumu na upepo huliondoa. Linakimbilia ukingoni, ambako zege hulizuia. Mwaka 1972 Sartor na Boyd, katika kazi waliyoifanyia mamlaka ya mazingira ya Marekani, walipima mitaa ya miji mbalimbali ya nchi hiyo na kukuta asilimia 78 ya uchafu ulikuwa ndani ya inchi 6, yaani kama sentimita 15, kutoka ukingoni. Ukanda mwembamba kiasi hicho, na karibu kila kitu kiko hapo.

Mahali nako kuna tofauti. Kwenye mataa, mizunguko, miteremko na kona kali, madereva hukanyaga breki na matairi husuguana zaidi, hivyo shaba, antimoni na zinki hupanda. Foleni ya kwenda na kusimama hutoa unga mwingi wa breki kwa kila kilomita kuliko barabara iliyo wazi, na kwa vile magari yanakwenda polepole, hakuna upepo wa kuupeperusha mbali. Lami iliyochakaa yenye nyufa na vishimo hushika vumbi ambalo lami laini ingeliachia.

Mvua nayo haifanyi kazi tunayoifikiria. Manyunyu hulowesha tu, na pengine hulegeza chembe bila kuzisafirisha. Mvua ya kawaida huondoa sehemu ya vumbi na kuacha sehemu. Ni mvua kubwa tu inayosukuma mengi kwa mara moja, na hapo maji ya mwanzo kabisa, yale meusi ya dakika za kwanza baada ya kiangazi, mara nyingi ndiyo hubeba mkusanyiko mkubwa zaidi wa metali. Yakishapita, maji huonekana safi zaidi. Yale meusi tayari yako mtaroni, yanaelekea mtoni au baharini.

Unga usioonekana

Kama kuna jambo moja ningependa msomaji aling'ang'anie katika maelezo haya yote, ni ukubwa wa chembe.

Metali nyingi hukaa juu ya uso wa chembe. Sasa chukua mchemraba wenye upande wa sentimita moja. Uso wake wote ni sentimita 6 za mraba. Ukatekate uwe michemraba ya milimita moja: unapata 1,000, na uso wa jumla umekuwa sentimita 60 za mraba. Endelea hadi kila upande uwe maikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita. Kiasi cha mata hakijabadilika hata kidogo, lakini uso sasa ni sentimita 6,000 za mraba. Nafasi ya metali kujishikiza imeongezeka mara 1,000. Juu ya hayo, chembe ndogo kama hizi ndizo mara nyingi zenye udongo mfinyanzi, mabaki ya mimea na oksidi za chuma na manganizi, vitu ambavyo hushika metali kwa nguvu. Na unga wa breki wenyewe huzaliwa ukiwa mdogo.

Sartor na Boyd walikuta kwamba chembe zilizo chini ya maikroni 43 zilikuwa asilimia 5.9 tu ya uzito wa uchafu wote, na bado zilibeba zaidi ya nusu ya metali nzito. Kisha wakaangalia mashine za kufagia za wakati ule, zile za brashi. Ziliokota mchanga, majani na takataka vizuri, lakini ziliacha nyuma karibu asilimia 85 ya chembe hizo ndogo. Barabara ilionekana imesafishwa. Kilichobaki ndicho chenye sumu.

Mashine za kisasa zinazofyonza kwa hewa hufanya vizuri zaidi kwenye unga huu. Ufagio wa mkono kwenye barabara kavu hufanya vibaya zaidi, maana huuinua hewani, usawa wa uso wa anayefagia. Mtu huyo, anayevuta vumbi la ukingoni kila asubuhi, anastahili barakoa inayochuja chembe ndogo na maji ya kunyunyiza kabla ya kufagia, na ni aibu kwamba huduma hizo mara nyingi huhesabiwa kuwa za anasa.

Tena, vumbi likikaa muda mrefu barabarani halibaki lilivyo. Magurudumu hulisaga. Punje kubwa ya leo ni unga wa wiki ijayo.

Kiasi ni kimoja, uwezo wa kutoka ni kingine

Miligramu 200 za metali katika kilo moja ya vumbi hazina hatari ile ile kila mahali. Inategemea zimeshikwaje. Mwaka 1979 Tessier na wenzake walitoa utaratibu wa kuzichomoa hatua kwa hatua kwa kemikali zinazozidi ukali, na utaratibu huo, pamoja na marekebisho yake, ungali unatumika. Metali inayotoka kwenye hatua ya kwanza imejishikiza kijuujuu, hata maji yenye chumvi huweza kuing'oa. Inayofuata iko kwenye kabonati, itatoka asidi ikiongezeka. Kisha iliyo kwenye oksidi za chuma na manganizi, kisha iliyofungamana na mata ogania, yaani mabaki ya mimea na viumbe, na mwisho ile iliyofungwa ndani ya fuwele za madini yenyewe, ambayo haitoki kirahisi.

Kwenye vumbi la barabarani zinki na kadimi mara nyingi huwa katika hatua za mwanzo, yaani ziko tayari kusafiri na maji. Shaba hupenda mata ogania. Kromi kwa sehemu kubwa hubaki ndani ya madini. Katika nchi za baridi kuna tatizo la ziada: chumvi inayomwagwa kuyeyusha barafu huungana na kadimi na zinki na kuzifanya zisafiri kwa wepesi zaidi.

Namba za kwenye ripoti

Ukisoma ripoti ya uchafuzi wa barabara utakutana na kipimo kinachoandikwa Igeo, kilichotolewa na Mjerumani Müller mwaka 1969. Kinauliza swali rahisi: kiwango kilichopimwa ni mara mbili ya cha asili, au mara mbili ya mara mbili, au zaidi? Unachukua kiwango kilichopimwa, unakigawa kwa kile cha asili kilichozidishwa kwa 1.5, kisha unatafuta logi yake ya msingi wa 2. Ile 1.5 ipo ili tofauti ndogo za asili kati ya udongo na udongo zisihesabiwe kuwa uchafuzi.

Kwa mfano wa hesabu tu: risasi ya asili ikiwa miligramu 20 kwa kilo, na vumbi likawa na 240, utagawa 240 kwa 30 upate 8. Nane ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara tatu, hivyo Igeo ni 3. Chini ya 0 hakuna uchafuzi; kuanzia 3 kwenda juu unaitwa mkali; zaidi ya 5 ni ngazi ya juu kabisa.

Udhaifu wake uko wazi kwa yeyote aliyefuatilia mpaka hapa. Kila kitu kinategemea kiwango cha asili ulichochagua na ukubwa wa chembe ulizopima. Maabara moja ikipima vumbi lililochekechwa hadi maikroni 63, na nyingine ikapima lote hadi milimita 2, majibu yao hayalinganishiki, hata kama yametoka kwenye ukingo mmoja. Kabla ya kuamini namba yoyote, tafuta kwanza walichekecha kwa chekecheo lipi.

Zinamfikiaje mtu na mto

Kwa risasi, Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote kilicho salama. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, si kwa sababu wanavuta hewa nyingi tu, bali kwa kuwa wanacheza chini na kutia mikono mdomoni, na miili yao hufyonza sehemu kubwa zaidi ya risasi wanayomeza kuliko ya mtu mzima. Unga ulio mdogo kiasi cha kushika metali nyingi ndio huo huo unaonata kwenye vidole. Kadimi nayo ikishaingia kwenye figo hukaa miongo.

Mtoni, shaba ndiyo inayosumbua. Kiwango cha mikrogramu chache tu kwa lita ya maji huwavuruga samoni wachanga wasiweze kunusa vizuri, na samaki asiyenusa hamtambui adui yake. Jambo hilo liliifanya Washington na California, majimbo mawili ya magharibi mwa Marekani, kupitisha sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba kwenye pedi za breki. California iliweka ukomo wa asilimia 5 ya uzito kuanzia 2021, na asilimia 0.5 kuanzia 2025. Hii naiona kuwa njia ya busara kuliko zote: metali ambayo haikuwekwa kwenye pedi haihitaji kufagiliwa, kuchujwa wala kuzikwa. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha kanuni za Euro 7 mwaka 2024, na kwa mara ya kwanza vumbi la breki na uchakavu wa matairi vimo ndani ya viwango vya utoaji wa magari.

Magari ya umeme hayafuti tatizo. Mengi hupunguza mwendo kwa kutumia mota, hivyo breki zao husagika kidogo. Lakini ni mazito kwa sababu ya betri, na uzito huongeza uchakavu wa tairi. Shaba itapungua; zinki huenda isipungue.

Halafu kuna vile vilivyofagiliwa. Vumbi lililozolewa barabarani na tope linalotolewa mitaroni lina metali zile zile, sasa zikiwa zimekusanywa pamoja, na kulimwaga bondeni au kujazia bustani ni kulihamishia mahali ambapo mvua au mtoto atalikuta. Kuna mitambo inayoliosha kwa maji na kulichekecha: changarawe na mchanga mzito vikishapimwa hurudi kwenye kazi za ujenzi, na ule unga laini uliobaki hukamuliwa maji na kupelekwa kwenye dampo lenye sakafu isiyovuja.